Magamba ya Kilwa yanavyopima joto la kale

MASWALI YA WASOMAJI

SWALI: Nasikia miaka milioni 50 iliyopita bahari ya huku kwetu ilikuwa na joto la nyuzi 30 hivi. Hapakuwa na mtu wala kipimajoto. Wamejuaje? (Msomaji, Lindi)

JIBU: Wamepima magamba ya foraminifera, viumbe wa seli moja wanaojijengea gamba la chokaa, mara nyingi lisilofika hata milimita 1. Oksijeni ya gamba hutoka kwenye maji, nayo iko nyepesi, namba 16, na nzito, namba 18. Maji yakiwa baridi, gamba huchukua nzito zaidi. Yakiongezeka joto kwa nyuzi 4 au 5, nzito hupungua takriban sehemu 1 katika elfu. Tofauti ni ndogo mno, ndiyo maana maabara hawafanyi papara.

Udongo wa mfinyanzi uliochimbuliwa Kilwa hulowekwa mpaka uvurugike, kisha huoshwa kwenye chekeche la matundu ya mikroni 63 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Tope hupita, magamba hubaki na kukaushwa kwa joto dogo. Kabla ya sampuli nyingine, chekeche hutumbukizwa katika rangi ya methilini ya buluu. Gamba lililonasa matunduni hugeuka buluu, na likijitokeza baadaye hujulikana ni la sampuli iliyopita, linatupwa. Chini ya hadubini magamba huokotwa moja moja kwa brashi nyembamba yenye unyevu. Huchaguliwa spishi moja, ya ukubwa unaolingana, kwa sababu nyingine huishi juu kwenye vuguvugu na nyingine chini kwenye baridi. Ukizichanganya, jibu halitakuwa la juu wala la chini. Hatimaye magamba hutiwa asidi ya fosforiki, yakatoa kaboni dioksidi, na mashine ikapima oksijeni iliyomo.

Kuna mtego hapa. Barafu ya nchi kavu hufungia oksijeni nyepesi, bahari ikabaki na nzito hata kama haijapoa. Kwa hiyo hupimwa pia magnesiamu ya gamba, ambayo huongezeka karibu asilimia 9 kwa kila nyuzi 1. Lakini tope likibaki ndani ya gamba huleta magnesiamu yake, na joto likasomeka kubwa kuliko lilivyokuwa. Kusafisha ni nusu ya kazi.

SWALI: Bahari zimejaa dunia nzima. Kwa nini Kilwa? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Kwa sababu ya udongo wake. Kwenye sakafu ya bahari kuu, chokaa ya gamba huyeyuka kidogo kidogo na kuganda upya katika maji baridi ya kilindini. Gamba kama hilo ni jeupe, lina chengachenga kama sukari, na kipimo chake husoma ubaridi wa chini. Kwa miaka mingi magamba ya namna hiyo yalionyesha bahari za tropiki za enzi ya Eosini, ile ya miaka milioni 50 iliyopita, kuwa baridi kuliko za leo, ilhali wakati huo mamba waliishi Ellesmere, kisiwa cha Aktiki. Haikuingia akilini. Udongo wa Kilwa na Lindi haupitishi maji kirahisi, wala haukufukiwa kina kirefu, hivyo magamba yake bado yanapenyeza mwanga kama kioo. Mwaka 2001 mtafiti Paul Pearson na wenzake walichapisha vipimo vya magamba ya Tanzania: angalau nyuzi 28 hadi 32. Kwa maoni yetu, udongo huo unastahili kutunzwa kama yanavyotunzwa magofu ya Kilwa Kisiwani.

SWALI: Ikiwa joto lilikuwapo na viumbe wakaishi, hofu ya leo ni ya nini? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ni kasi. Miaka milioni 56 iliyopita kaboni nyingi iliingia angani na dunia ikapanda joto nyuzi 5 hadi 6. Katika vilindi chokaa nyeupe inakatika ghafla na kufuatiwa na udongo mwekundu, maana bahari iliingia asidi na magamba yakayeyuka. Hali ilichukua zaidi ya miaka 100,000 kutengemaa. Na bado, kwa makadirio mengi, kaboni ile iliingia kama tani bilioni 1 kwa mwaka, au pungufu. Sisi leo tunatoa karibu bilioni 10. Matabaka ya wakati huo yaliyochimbwa Tanzania yana dalili za ukame uliokatizwa na mvua za kishindo, zilizosomba udongo wa nchi kavu hadi baharini.