Usimponde Huyo Nyoka wa Milia

"Nyoka! Nyoka!" Ndivyo nilivyopiga yowe Septemba yangu ya kwanza Winnipeg, Kanada, nimeinua reki tayari kumponda. Kwetu Tanga yowe hilo huleta majirani na fimbo na mapanga. Hapa alikuja mama wa nyumba ya pili, mikono mitupu, akachuchumaa kumtazama. Ni gata tu, akaniambia, anakula koa wanaokumalizia mboga.

Alikuwa na urefu wa kalamu, mweusi, madoa mekundu ubavuni, na mistari mitatu ya manjano toka shingoni hadi mkiani. Jina hilo, "garter" kwa Kiingereza, amepewa kwa sababu ya mikanda ya milia ambayo Wazungu zamani walifungia soksi. Baadaye ndipo nikajua alikuwa mchanga kabisa: gata hatagi, huzaa, mara nyingi watoto 10 hadi 40 mwishoni mwa kiangazi, na halei hata mmoja. Kila mtoto anajitafutia nyungunyungu wake.

Basi ndugu mliohamia huku, kabla ya kuwasha mashine ya majani, zungukeni kwanza uani kwa kishindo apate kukimbia. Mimi nilishamkata mmoja. Wala msimshike. Nilimshika, akanipaka kinyesi na majimaji yanayonuka vibaya, na sabuni haikusaidia mpaka jioni. Kung'ata anang'ata, lakini sumu yake hafifu ni ya kumlegeza chura. Mtu anaosha kidonda, basi.

Msimwonee huruma baridi ikianza mkamwingiza ndani. Ana kwake, kwenye nyufa za mawe ya chokaa chini kusikofika barafu. Nendeni Narcisse, kilomita kama 130 kaskazini ya jiji, mwishoni mwa Aprili au Mei, muone wanavyotoka kwa makumi ya maelfu, madume membamba yakimzonga jike mmoja mnene mpaka wote wanakuwa fundo. Chini ya barabara kuu wamewekewa vipenyo wavuke bila kukanyagwa na magari. Mke wangu alikataa kushuka garini.

Ila mkienda likizo nyumbani na watoto, zungumzeni nao mapema. Mwanangu alimwona nyoka kwenye migomba ya bibi yake, akachuchumaa amtazame, vilevile kama yule mama jirani. Nilimvuta kwa ukosi wa shati. Alikuwa kifutu. Bibi akanigeukia, "Huko Ulaya mnamfunza nini huyu mtoto?"