Si utoto kutaka kujua mwisho: jibu kwa anayetoka riwaya za mapenzi kwenda fantasia

Dada, nimelisoma swali lako mara mbili. Umesema riwaya za mapenzi za wanawake wanaopendana umezimaliza zote ulizoweza kuzipata, sasa unatamani fantasia, zile hadithi za dunia za kubuni zenye uchawi, lakini mbili ulizoanza nazo zimekuumiza: katika moja mpenzi aliuawa, katika nyingine penzi lenyewe lilikuwa kurasa nne ndani ya kitabu cha kurasa mia sita. Halafu ukauliza kama ni utoto kutaka kujua mwisho kabla hujaanza kusoma. Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo lililonigusa.

Si utoto hata kidogo. Kitabu changu cha kwanza cha wanawake wanaopendana nilikisoma nikiwa na miaka 19, usiku mmoja, na kulipokucha nilikuwa nimevimba macho. Mmoja wa wale wanawake alikufa, mwenzake akaolewa na mwanamume ambaye hata mwandishi hakujisumbua kumpa tabia. Vifo nilishavisoma vingi kabla ya hapo na nikalala vizuri. Safari hii nilikuwa nimejiona mle ndani, kwa mara ya kwanza maishani, na kitabu kikanijibu kwamba hadithi ya mtu kama mimi huishia kaburini. Nilikaa karibu miaka miwili bila kugusa kingine.

Baadaye nikaja kujua kwamba vifo vile vina asili yake. Mwaka 1952, huko Marekani, Marijane Meaker alitoa riwaya ya Spring Fire kwa jina la bandia la Vin Packer, juu ya wasichana wawili wa chuo. Mhariri wake alimwambia wazi kwamba haiwezi kuisha kwa furaha, kwa kuwa vitabu vilisafirishwa kwa posta, na posta ingeweza kuvikamata kama vingeonekana kuyasifu mapenzi ya namna hiyo. Basi msichana mmoja akarukwa na akili, na mwingine akajiaminisha kwamba hakuwahi kumpenda mwenzake. Ukisoma ukijua hilo, unaona pale mwisho ulipobandikwa: hadithi inakwenda upande mmoja, kurasa za mwisho zinavutwa upande mwingine. Mwaka huohuo Patricia Highsmith alitoa The Price of Salt, naye kwa jina la bandia, Claire Morgan. Wanawake wake wawili aliwaacha hai na wenye tumaini la kuwa pamoja, ingawa mmoja gharama yake ilikuwa mtoto wake. Wasomaji walimwandikia barua kwa mafungu kumshukuru kwa mwisho ule. Kitabu hakikutoka kwa jina lake halisi hadi mwaka 1990.

Kwa hiyo ukiulizia mwisho, unauliza walichokuwa wakikiuliza wale walioandika barua zile. Usimwombe mtu radhi.

Sasa fantasia. Nadhani kilichokuumiza ni kufungua kitabu cha ahadi moja ukidai ahadi ya kingine. Riwaya ya mapenzi imetuahidi raha mustarehe. Tunajua watapatana, kazi ya mwandishi ni kutufanya tusahau kwamba tunajua, moyo utudunde hadi ukurasa wa mwisho. Fantasia haikuahidi hivyo. Yenyewe inaahidi dunia: kiti cha enzi kitapinduliwa, uchawi una bei yake, mlango uliofungwa miaka elfu utafunguliwa. Penzi linaweza kuwa mtima wa hadithi, linaweza pia kuwa pambo la pembeni, na jalada halitakuambia lipi ni lipi. Mimi niliwahi kununua kitabu kinene kwa sababu ya picha ya wanawake wawili na upanga, nikasoma wiki tatu nikingoja, wakaja kushikana mikono mara moja. Nilikasirika sana. Sikuwa nimedanganywa, lakini hasira ilikuwa ya kweli.

Swali ninalojiuliza siku hizi kabla ya kununua ni hili: katika dunia ile, nani anayelizuia penzi? Mwandishi wa fantasia anabuni mazimwi, anabuni dini na ramani na hesabu ya miezi. Akiibakiza chuki ileile tunayoijua, ameichagua. Na akiiondoa, inambidi atafute kizuizi kingine, na hapo ndipo panapokuwa patamu. Chukua The Priory of the Orange Tree ya Samantha Shannon, ya mwaka 2019. Malkia Sabran lazima azae mrithi, maana watu wake wanaamini ukoo wake ndio unaolizuia zimwi kuu lisiamke. Ead amepelekwa katika kasri lake kumlinda kwa siri, kwa uchawi ambao ukijulikana atauawa. Hakuna anayeshtuka kwamba mwanamke anampenda mwanamke. Kinachowatenga ni taji, ni imani, ni tumbo la malkia ambalo nchi nzima inalidai. Nilikwenda mamia ya kurasa ndipo nikagundua kwamba muda wote nilikuwa nangoja mtu atokee awatukane, na hakutokea. Nilifunga kitabu nikakaa kimya kwanza. Sikuwa najua kwamba ninasoma huku nimejikunyata namna ile.

(Na kwa kuwa umeuliza: wote wawili wanabaki hai. Lakini usitegemee harusi.)

Kuna vitabu vinavyokwenda njia nyingine, na sivikatai. The Jasmine Throne ya Tasha Suri, ya mwaka 2021, inaanza na binti wa kifalme aliyefungiwa katika hekalu bovu na kaka yake, kwa kosa la kukataa kuchomwa moto hai. Anayemhudumia ni kijakazi mwenye nguvu alizozificha tangu utotoni. Wanapendana, na kila mmoja anamtumia mwenzake, na kila mmoja anautaka uwezo kuliko anavyokubali kusema. Penzi lao haliwatakasi. Nakipenda mno kitabu hiki, lakini usianze nacho, kwa sababu ni cha kwanza kati ya vitatu na utabaki na donge kooni miezi mingi. Gideon the Ninth ya Tamsyn Muir nayo iache kwanza. Ni kazi nzuri ajabu, ila jeraha lako bado bichi.

Niongeze jambo la mnyonyadamu, maana ndiye aliyenifanya nielewe fantasia inaweza kutufanyia nini. Mwaka 1872 Sheridan Le Fanu alitoa Carmilla: msichana mgeni anampenda msichana mwenyeji, anambusu, anamnyonya damu kidogo kidogo, mpaka wanaume wanalifukua kaburi lake, wanamchoma kigingi na kumkata kichwa. Hamu ya mwanamke kwa mwanamke pale ni ugonjwa, na tiba yake ni wanaume wenye kigingi. Kisha mwaka 1991 Jewelle Gomez akamchukua kiumbe yuleyule katika The Gilda Stories. Wake ni msichana mweusi anayetoroka utumwa Louisiana mwaka 1850, na hadithi inamfuata hadi mwaka 2050. Wanyonyadamu wa Gomez wakinywa damu ya mtu hawamuui. Humwachia kitu ndotoni, jambo alilokuwa akilihitaji. Damu kwa ndoto. Na hafi! Miaka mia mbili anapenda, anapoteza, anajenga jamaa wa kuchagua mwenyewe. Nililia pia kwa kile kitabu, ila kilio cha aina nyingine.

Jambo moja nje ya swali, univumilie. Nilimsimulia rafiki yangu riwaya mojawapo kwa Kiswahili: alimshika mkono, akamwambia hatamwacha, akampanda farasi wakatoroka. Alisikiliza karibu nusu saa akidhani ni mwanamume na mwanamke, na sikuwa nimemficha neno lolote. Lugha yetu haikuulizi. Ursula Le Guin alipoandika The Left Hand of Darkness mwaka 1969, juu ya watu wasio na jinsia ya kudumu, alitumia kiwakilishi cha kiume kuwataja na akalaumiwa kwa hilo. Ann Leckie mwaka 2013, katika Ancillary Justice, akamwita kila mtu kwa kiwakilishi cha kike, na wasomaji wa Kiingereza wakajikwaa kila ukurasa, kama alivyokusudia. Kwetu sisi tatizo la wa kwanza halipo, na mbinu ya wa pili haifanyi kazi. Naona utajiri hapo, natamani mtu aandike fantasia ya Kiswahili inayoutumia kwa makusudi. Naona na hatari pia: mfasiri anaweza kuwafuta wanawake wawili wanaopendana bila kusema uongo hata mmoja, kwa kuliacha tu neno "mwanamke" lisitajwe. Tangu siku ile nikisimulia nalitaja mapema.

Turudi kwako. Ningekuwa wewe ningeanza na Ash ya Malinda Lo, ya mwaka 2009. Ni ile ngano ya binti yatima na mama wa kambo, isipokuwa moyo wake hauendi kwa mwana wa mfalme. Unakwenda kwa mwindaji wa kike wa mfalme. Ni fupi, mapenzi yake yanakolea polepole, na inaisha vizuri kabisa. Baada yake This Is How You Lose the Time War ya Amal El-Mohtar na Max Gladstone: majasusi wawili wa pande zinazopigana wanaandikiana barua katikati ya vita vya zama zote, kwanza kwa kejeli, kisha kwa hofu, kisha basi tena. Sentensi zake zitakuchosha mwanzoni. Soma barua moja moja, usikimbie. Ile ya Shannon njoo nayo ukiwa na likizo, ni zaidi ya kurasa mia nane.

Na kuhusu mwisho: ninalo daftari ninaloandika kila kitabu nilichomaliza, na mbele yake neno moja au mawili tu: "hai", "pamoja", "mmoja amekufa", "wametengana". Ukikiogopa kitabu, nitajie jina lake. Kama kimo nitakujibu kwa hilo neno tu, mengine utayakuta mwenyewe.