Sababu mbalimbali

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Darasa lenu liliagana vipi siku ya mahafali, na kama mngerudishiwa siku ile, mngeaganaje?" Nililisoma nikiwa dukani, nikaliweka kando kwa sababu wateja walikuwa wengi, usiku likanirudia lenyewe. Jibu langu ni refu kidogo, naomba mnivumilie.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2012 katika shule moja ya kata huku milimani Lushoto, mkoani Tanga. Ni miongoni mwa zile shule zilizojengwa kila kata baada ya serikali kuanzisha MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, mwaka 2004. Ya kwetu waliijenga wazazi kwa mikono yao. Mama alibeba mawe kichwani kutoka mtoni, akanionyesha ukuta aliopeleka mawe yake, na miaka yote minne nilipenda kukaa karibu na ukuta ule. Ada ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, michango mbali. Kwetu ililipwa na kabichi.

Mwaka wetu wa mwisho ulikuwa wa misukosuko. Mwishoni mwa Julai walimu waligoma, Agosti ikaja sensa, na wawili kati ya walimu wetu wachache wakawa makarani. Mtihani wa taifa nao mwaka ule uliwahi, ukawekwa Oktoba. Kwa hiyo mahafali yetu yakafanyika Septemba, wakati mada nzima za hisabati hazijaguswa.

Siku yenyewe ilipofika, hakuna aliyekumbuka hisabati. Viti vya plastiki vilitoka msikitini na kanisani, turubai likakodiwa mjini, kreti za soda zikapangwa chini ya meza kuu. Shangazi zangu walinitandikia kanga kutoka getini mpaka kwenye kiti changu, nikapita juu yake kwa viatu vya kuazima huku wao wakipiga vigelegele. Mama alinivika taji la karatasi za kung'aa, kisha akashindwa kuondoka. Alisimama pale mbele ya watu akilinyoosha lile taji mabegani mwangu, kulia, kushoto, kulia tena. Hakuwahi kusoma zaidi ya darasa la nne. Ile nyoosha-nyoosha yake naikumbuka kuliko hotuba zote za siku ile.

Mimi ndiye niliyechaguliwa kusoma risala. Kila aliyehudhuria mahafali ya sekondari Tanzania anajua risala inavyokwenda, maana hurithiwa mwaka hadi mwaka, hubadilishwa tarakimu tu. Yetu ilisema: "Ndugu mgeni rasmi, tulianza kidato cha kwanza mwaka 2009 tukiwa wanafunzi 118, wavulana 55 na wasichana 63. Leo tunahitimu wanafunzi 64, wavulana 35 na wasichana 29. Wenzetu wengine hawakuweza kufika siku hii ya leo kutokana na sababu mbalimbali, zikiwemo kuhama, utoro na ujauzito." Kisha inafuata mistari ya upungufu wa walimu wa sayansi na ukosefu wa maabara, na mgeni rasmi anaandika kwenye kijitabu chake.

Nilikuwa nimeifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya mwalimu wa Kiswahili. Alinifundisha kuinua macho kila mwisho wa sentensi, niwatazame watu. Basi nilipofika "ujauzito" nikainua macho, na nje ya ua wa michongoma nikamwona mwenzangu wa dawati. Alikuwa amesimama peke yake, kanga ya buluu imembana mtoto mgongoni.

Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, akanipa, jina lake litabaki kwetu. Tulikaa dawati moja tangu wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza. Alikuwa mkali wa hesabu kunizidi mbali. Siku moja mwaka 2011, tukiwa kidato cha tatu, wasichana wote tulipelekwa zahanati kupimwa, kama tulivyopelekwa mara kwa mara. Tulipanga foleni tukicheka, kwa sababu usipocheka utalia. Yeye hakurudi darasani. Begi lake lilikaa kwenye dawati letu siku mbili, na mimi nikawa naliangalia nikidhani ameugua. Siku ya tatu akaja mdogo wake wa darasa la tano kulichukua. Mkebe wake wa hesabu ukabaki kwangu kwa bahati, na bikari iliyochora duara zangu za mtihani wa taifa ilikuwa yake. Hakuna aliyesimama mbele ya darasa kutuambia lolote. Kesho yake mwalimu aliita majina, akafika kwake, akachora mstari, akaendelea na jina lililofuata.

Nami siku ya mahafali nikafanya vilevile. Niliinamisha macho kwenye karatasi nikaendelea na upungufu wa walimu wa sayansi. Tulipomaliza kula nilimtafuta, nikakuta ameshaondoka. Hivyo ndivyo darasa letu lilivyoagana. Sisi 64 tulikumbatiana, tukaandikiana kwenye madaftari, tukalia mpaka kamasi, tukaapa kutosahauliana. Wale 54 tuliwaaga kwa maneno mawili: sababu mbalimbali.

Februari 2013 matokeo yakatoka. Wengi mnaukumbuka mwezi ule. Nchi nzima watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata daraja sifuri, yaani sita katika kila kumi. Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, akaunda tume. Mei serikali ikayafuta matokeo yale, yakapangwa upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia. Mimi nilitoka sifuri nikaingia daraja la nne, lakini ile miezi mitatu ya katikati sitaisahau. Shuleni kwetu, katika 64, waliopona mara ya kwanza walikuwa 15 tu. Nilikuwa nikienda sokoni kwa njia ya nyuma. Kaka mkuu wetu, kijana aliyekuwa akitupangisha mstarini kwa sauti ya kutetemesha bati, aliondoka alfajiri kwenda Dar es Salaam kubeba mizigo, hakumuaga hata mama yake.

Ndipo nilipoelewa nilichokisoma Septemba. Sasa na sisi tulikuwa watu wasiotajwa. Mahafali ya mwaka uliofuata nilialikwa na binti wa mjomba, nikaisikia risala ileile, tarakimu zimebadilishwa, "sababu mbalimbali" iko palepale. Nikatoka nje kabla haijaisha.

Wapo wanaosema mahafali ya kabla ya mtihani ni sawa na kusherehekea mavuno mahindi yakiwa bado machanga. Nimelisikia hata kwa walimu, na nalipinga kabisa. Ile ndiyo siku pekee ambayo darasa hukaa pamoja kabla karatasi haijawagawa. Mwenye akili na mzito wote huvikwa taji, na mama wa kila mmoja hupata vigelegele vyake. Mngengoja Februari, kwetu wangevikwa watu 15. Lalamiko langu ni kwamba hata pale tulikuwa tumeshagawanyika, na hatukuona.

Mngenirudishia siku ile, ningefanya jambo moja. Ningeomba rejesta ya kidato cha kwanza, ile ya Januari 2009, nisome majina yote 118. Kwa kasi ya kawaida ni dakika tano au sita. Mgeni rasmi wetu alichelewa saa mbili na nusu, kwa hiyo muda ulikuwepo. Aliyehama atajwe, aliyeolewa atajwe, aliyekwenda kuchunga atajwe. Wawili walifariki, mmoja kwa malaria kidato cha pili, na risala haikuwataja popote. Wazazi wao wanaishi mita chache kutoka shuleni na siku ile waliisikia spika yetu.

Nyinyi mnaohitimu mwaka huu, risala bado haijachapwa. Mwambieni mwalimu anayewasimamia. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi shuleni, kwa hiyo huenda mwenzenu mmoja anakaa darasa la nyuma yenu hivi sasa, anamaliza mwakani. Mwiteni aje akae nanyi, ale pilau nanyi.

Sisi tulichelewa, lakini tulifika. Mwaka 2019 kaka mkuu alianzisha kundi la WhatsApp, akaliita "Fomu Foo 2012". Wiki ya kwanza mmoja wetu akauliza kama tuwaingize na wale ambao hawakumaliza. Ubishi ulikwenda siku tatu, wengine wakisema watajisikia vibaya. Mwishowe kaka mkuu aliandika: "Mimi mwenyewe nilipata ziro, mbona mmeniingiza?" Ukawa mwisho wa ubishi. Leo tuko 83, na kundi linaitwa "Januari 2009".

Picha ya kundi ilikuwa ile ya pamoja ya siku ya mahafali, aliyoipiga mpiga picha wa kukodiwa: sisi na mataji yetu, mgeni rasmi katikati, meza kuu upande wa kulia. Mwenzangu wa dawati alipoingia alisalimia watu, akapokelewa, akanyamaza siku nzima. Jioni akaandika: "Mimi nimo kwenye hiyo picha. Niko kushoto kabisa, nyuma ya michongoma. Mmenikata."

Tukaitafuta picha nzima, tukaikuza. Kanga ya buluu ilikuwepo, na kichwa cha mtoto. Kaka mkuu akalisogeza duara kushoto mpaka wote wawili wakaingia. Mgeni rasmi alibaki nje, na meza kuu yote.