Mashine ya bahasha ikivuta karatasi mbili mbili

Ndugu wa Nakuru, umesema mashine yenu ya kukunja ankara na kuzitia kwenye bahasha inavuta karatasi mbili mbili tangu mvua ianze, na fundi anataka mnunue rola mpya. Msikimbilie kutoa pesa. Nimeendesha mashine hizi hapa Kisumu kwa miaka, na mara nyingi shida huwa karatasi yenyewe.

Fungueni kifuniko cha trei mtazame. Rola ya raba huvuta karatasi moja, na kipande kingine cha raba huizuia ya pili isifuate. Kazi yote ni ya msuguano: raba lazima ishike karatasi kuliko karatasi zinavyoshikana zenyewe. Sasa karatasi hunyonya unyevu wa hewani. Ikinyonya, inalegea na kung'ang'ania mwenzake. Huku ziwani ukiacha rimu wazi usiku kucha msimu wa mvua, asubuhi unakuta kingo zimepindapinda.

Basi rimu ikae ndani ya kifungashio chake hadi saa ya kuchapisha. Karatasi zikitoka kwenye printa ya leza zina moto, zimejikunja na zina umeme tuli, nao pia huzigandisha. Ziacheni zipoe, kisha mzipekue kingoni hewa ipite kati.

Halafu gusa rola. Ikiteleza na kung'aa, huenda ni vumbi la karatasi tu. Ifute kwa kitambaa na dawa iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine, kamwe si petroli wala thina, maana zinaharibu raba. Ikiwa bado ngumu au ina nyufa, hapo fundi yuko sahihi.

Ila nawasihi sana: msizime sensa ya karatasi mbili, yaani kile kifaa kinachogundua karatasi mbili zikipita pamoja na kusimamisha mashine, ati inasimamisha kazi. Nimeona ofisi zikifanya hivyo, na ankara ya mteja mmoja ikaishia kwenye bahasha ya mwingine. Hizo ni siri za watu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sensa inayopima unene ifundisheni upya kila mnapobadilisha uzito wa karatasi, tuseme kutoka gramu 80 kwenda 100. Inayotumia mwanga hudanganywa na nembo nzito: wino ukizuia mwanga, inadhani karatasi ni mbili. Kama yenu inaruhusu, isogezeni isome mahali palipo peupe.

Tuambie yenu ni ya aina gani, na rola mkizigusa zikoje.