Sensa Haina Kosa, Kosa Liko Kwenye Mpira

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Toyota Levin AE101 yenye injini ya 4A-GE valvu 20, ile inayoitwa Silvertop. Mwezi uliopita nilitoa boksi la chujio pamoja na kile kipima hewa cha kilango, nikafunga tarumbeta nne wazi (midomo ya kuvutia hewa, moja kwa kila silinda) na kompyuta mpya ya kutyuni. Niliambiwa kwamba bila kipima hewa lazima nifunge sensa ya presha. Nikanunua moja ya nyaya tatu pale Grogan, soko la vipuri, mpira wake nikauchomeka kwenye throtobodi (kibomba chenye kipepeo cha hewa) ya silinda ya kwanza. Sasa nikifungua swichi bila kupiga stata, laptopu inaonyesha 83. Muuzaji aliniapia kuwa sensa nzima husoma 100. Injini ikiwaka namba inarukaruka kati ya 35 na 75, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, na plagi zimekuwa nyeusi tii. Nimeuziwa mbovu?
*Kijana wa South B, Nairobi*

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiende Grogan kugombana na mtu. Hiyo 83 ndiyo iliyonihakikishia kuwa sensa yako ni nzima.

Sensa hii inahesabu kilopaskali kuanzia sifuri ya utupu kabisa. Injini ikiwa imezimwa, hewa iliyomo kwenye menifoldi, yaani njia ya hewa ya kuingia kwenye silinda, ni hii hii unayovuta wewe puani. Mimi hapa Mombasa nikifungua swichi napata 101. Wewe uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ya huko ni nyepesi, na 83 ndiyo namba yake. Ungeniambia umesoma 100 ukiwa South B, hapo ningekwambia ukadai pesa zako.

Niliwahi kupanda Nairobi na gari ya mteja, kijana wangu wa karakana ameweka laptopu mapajani. Tulipofika Voi kila tukizima injini inasoma 94. Mbele zaidi ikashuka tena. Kijana akaanza kutoka jasho: "Mzee, sensa inakata roho!" Nilimwacha ateseke mpaka Mtito Andei ndipo nikamweleza, kwa sababu mambo mengine yakiingia na hofu hayatoki tena.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, yaani mahali sensa yako inapokunywea. Silinda ya kwanza huvuta hewa mara moja tu kila injini inapozunguka mara mbili. Kwenye mizunguko 850 kwa dakika hiyo ni kama mara 7 kwa sekunde. Valvu ikifunguka, presha kwenye kile kibomba kifupi inaporomoka. Ikifunga, hewa inapenya pembeni mwa kipepeo cha throto na presha inapanda tena. Menifoldi ya kawaida ina tumbo moja ambalo silinda zote nne huchota humo, mmoja akimaliza mwenzake anaanza, kwa hiyo presha inatulia. Yako haina tumbo. Kila silinda ina nyumba yake na mlango wake, na wewe umeweka sikio kwenye nyumba moja halafu unataka kujua habari za mtaa mzima. Kompyuta ikisoma wakati namba iko 35, inatoa petroli kidogo. Ikisoma iko 75, inamwaga. Hizo ndizo plagi nyeusi, na hiyo ndiyo sailensi ya kupanda na kushuka.

Dawa ni kuchukua hewa kwenye throtobodi zote nne na kuikusanya mahali pamoja kabla haijafika kwenye sensa. Mimi hukata bomba la alumini lenye urefu wa kiganja, tundu lake likiingia kidole gumba. Naziba ncha zote mbili, nachomelea nipeli (vibomba vifupi vya kuvikia mpira) nne upande mmoja na moja upande wa pili. Nne zinatoka kwenye throtobodi, moja inakwenda kwenye sensa. Ukikosa mchomeleaji wa alumini, unganisha mipira minne kwa viungo vya T, kisha weka chujio dogo la petroli, lile la plastiki, kabla ya sensa. Halivutii macho lakini linafanya kazi. Usitengeneze tumbo kubwa kama chupa ya soda, maana utakapokanyaga mafuta sensa itachelewa kupata habari na injini itasita.

Kuna kitu kidogo ambacho mafundi wengi hukiruka. Ndani ya kila mmoja wa ile mipira minne, karibu na throtobodi, weka kizuizi chenye tundu la milimita 1 hivi. Bila hicho silinda moja itaiba hewa ya jirani kupitia mipira, na kazi yote ya kusawazisha throto itakuwa bure. Usihangaike kutafuta cha dukani. Nenda kwa fundi wa bodaboda, mwombe jeti nne za shaba za kabureta, zote zenye namba ile ile. Zinakaa ndani ya mpira wa milimita 4 kana kwamba zilizaliwa humo.

Kabla ya yote hayo, throto zenyewe ziwe sawa. Chukua mpira wa nusu mita, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa tarumbeta, injini ikiwa kwenye sailensi. Sikiliza ule mlio wa hewa, hamia tarumbeta ya pili, ya tatu, ya nne. Ukisikia mmoja anapiga mluzi na mwenzake ananong'ona, rekebisha skrubu mpaka wote waimbe sauti moja. Wenye geji watanicheka, nami nimewazoea.

Mpira wa kwenda kwenye sensa uwe mgumu na mfupi. Hapa nina kovu langu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilitumia mpira wa maji ya kioo kwa sababu ndio uliokuwa mezani. Asubuhi gari ilikwenda vizuri. Mchana, joto la Mombasa na joto la injini yamekutana, mpira ukalainika ukajibana kwenye kona, sensa ikabaki na namba ya zamani kama saa iliyosimama. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha koili, nikafungua na pampu ya petroli, siku mbili nzima, kabla sijaugusa ule mpira nikaukuta umelala kama utumbo. Usidandie mpira wa busta ya breki pia. Kila ukikanyaga breki kompyuta itadhani umekanyaga mafuta.

Sensa ifunge juu kwenye ukuta wa injini, juu kuliko throtobodi, mdomo wake ukitazama chini, ili mvuke wa petroli na mafuta ya injini urudi ulikotoka. Usiifunge kwenye injini yenyewe, mtetemo utaiua. Kuhusu nyaya tatu: moja ni volti 5 kutoka kwenye kompyuta, moja ni ishara, moja ni ya chini, yaani ethi. Hiyo ya chini irudishe kwenye kompyuta, usiibane kwenye bodi ya gari. Ukiibana kwenye bodi, kila feni ikiwaka namba itacheza.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliuliza ila lazima nikwambie. Kile kipima hewa cha kilango ulichokitoa kilikuwa na sensa ya joto la hewa ndani yake. Umeitupa pamoja nacho. Kompyuta inayotumia presha haiwezi kukisia uzito wa hewa bila kujua joto lake, na kwenye AE101 tarumbeta zinatazama ukuta wa injini, mahali penye joto kama jikoni. Nunua sensa ya joto ya nyaya mbili, iweke karibu na midomo ya tarumbeta. Na ukiwa hapo, vika hizo tarumbeta soksi za sponji. Vumbi letu halina huruma na ringi za pistoni.

La mwisho ni la kwenye laptopu. Throto nne zikifunguka theluthi tu, presha inakaribia ile ya nje na inaganda hapo, kwa hiyo sensa haitofautishi nusu mguu na mguu wote. Mwambie anayekutyunia atumie presha kwenye sailensi na mwendo mdogo, na nafasi ya throto kwa mwendo mkubwa, lakini presha ya nje ibaki kwenye hesabu. Akiiacha, gari itapendeza Nairobi. Siku utakayoshuka kuja kunisalimia utakuta hewa imezidi kwa karibu moja ya tano, na petroli ni ile ile ya South B. Kwa injini yenye mgandamizo wa 10.5 kwa 1, huko ndiko pistoni zinakotobokea. Toyota wenyewe walipotoa Blacktop, mrithi wa Silvertop yako, mwaka 1995 walikiacha kipima hewa wakahamia sensa ya presha, kwa hiyo njia uliyoishika si ya kihuni.

SWALI: Fundi, Forester yangu ya tabo ilikufa sensa ya presha baada ya kubadilishiwa menifoldi. Fundi wa hapa akanifungia ya baa 1. Geji ya tabo inapanda hadi baa 0.8 lakini laptopu haivuki 105. Nimwamini nani?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Amini geji, ndugu yangu. Sensa ya baa 1 mwisho wake ni hapo hapo 105, hata ungeipulizia kimbunga. Hewa ya Arusha ni kama 86, ongeza 80 za tabo (baa 0.8 ni kilopaskali 80), injini inameza 166 huku kompyuta ikitoa petroli ya 105. Tafuta ya baa 2.5 au 3, na ukishaifunga badilisha hesabu yake kwenye programu, maana volti zao hazifanani. Kwa hewa ya kawaida ya pwani, ile ya baa 1 hutoa volti inayokaribia 5, wakati sensa iitwayo MPX4250, ambayo mwisho wake ni 250, hutoa 1.8 hivi. Mpaka uifunge, endesha polepole, na sindano ya geji isivuke sifuri.