Mbunge asiyejua kompyuta atapimaje mfumo wa Serikali?

Mkuu, umeuliza inakuwaje mtu ambaye Katiba inamtaka ajue tu kusoma na kuandika apewe kazi ya kupima mifumo ya TEHAMA inayonunuliwa na Serikali. Wengi waliotangulia wamejibu kwamba hawezi, kazi hiyo waachiwe eGA, yaani Mamlaka ya Serikali Mtandao. Mimi ni Afisa TEHAMA wa halmashauri, nimeshakaa nyuma ya mkurugenzi mbele ya LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, nikimpitishia vikaratasi vya majibu. Nilichokiona pale ni tofauti.

Wajumbe waliojifanya wanaijua kompyuta hawakutusumbua. Ukiwamwagia habari za seva na usalama wa mtandao wanatikisa kichwa, mnasonga mbele. Aliyetutoa jasho ni mama mmoja, mwalimu mstaafu. Akauliza: mashine za POS za kukusanyia ushuru mnazo ngapi, zilizo hewani leo hii ni ngapi, na hizo nyingine ziko kwa nani? Ukumbi ukawa kimya. Anayesoma ripoti za CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuhusu serikali za mitaa anajua uzito wa swali hilo, maana hoja ya POS kukaa nje ya mtandao na wakusanyaji kutopeleka fedha benki inajirudia mwaka hadi mwaka. Hajamaliza, akaongeza: fundi wa kampuni akizima simu, nani kati yenu anaweza kuingia kwenye mfumo akarekebisha? Mkurugenzi akanigeukia. Jibu la kweli lilikuwa hakuna, kwa sababu mkataba uliacha kila kitu mikononi mwa muuzaji, hadi nywila kuu. Mkataba wenyewe mimi niliuona mashine zilipokuwa zimeshagawiwa.

Kwa hiyo mbunge hapimi mashine. Ibara ya 63(2) inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, basi apime zile ahadi: leseni ya mwaka wa tatu italipwa kutoka kasma (fungu la bajeti) ipi, taarifa za wananchi zinatunzwa wapi, muuzaji akiondoka tunabaki na nini. Je, taasisi inayokusanya taarifa hizo imesajiliwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi? Sheria ya 2022 ya kulinda taarifa hizo wabunge wameipitisha wao wenyewe.

Halafu kuna maswali yanayoonekana ya kijinga. Wenzetu Kenya mwaka 2013 walinunua vifaa vya kutambua wapiga kura kwa alama za vidole. Siku ya kura, katika vituo vingi betri zikaisha, na vituo vyenyewe vilikuwa madarasa yasiyo na umeme. Ikabidi warudi kwenye daftari la karatasi. Kuuliza kama darasani kuna soketi hakuhitaji shahada.

Kuhusu eGA, nawaheshimu, na tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 mambo mengi yamenyooka. Lakini eGA ni Serikali. Ukiwaachia peke yao umemwachia mwanafunzi asahihishe mtihani wake. Marekani Bunge lao liliwahi kuwa na ofisi yake ya wataalamu wa kupima teknolojia, iliyoundwa 1972 na kunyimwa fedha 1995. Uingereza ya kwao ipo tangu 1989. Mbunge wetu hata bila ofisi ya namna hiyo anaweza kumwita mhadhiri wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wako jirani tu pale Dodoma.

Tatizo kubwa ni kuchelewa. CAG anakagua fedha iliyokwisha kutumika, na PAC (kamati ya Bunge ya hesabu za Serikali) na LAAC zinafanya kazi juu ya ripoti yake. Chukua mkataba wa mashine za alama za vidole za polisi, takriban shilingi bilioni 37, vituo 108. Ulisainiwa 2011, PAC ikauvalia njuga 2016! Hapo mbunge anafanya kazi ya mpelelezi. Nafasi yake ya kupima ilikuwa kwenye kamati ya kisekta, ile inayoisimamia wizara husika, wizara ilipoleta makadirio ya bajeti. Pale anapewa randama, kitabu cha maelezo ya bajeti ya wizara, na ndani yake mfumo mpya unakaa mstari mmoja, mara nyingi "kuimarisha mifumo ya TEHAMA" na tarakimu ndefu mbele yake. Mstari huo ndio wa kung'ang'ania. Aombe andiko la mradi, aombe matokeo ya majaribio, na majaribio yenyewe ayaone mnadani siku ya soko, kwenye mtandao wa kubahatisha. Kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kila mfumo unafanya kazi, hilo nawahakikishia.

Kuna aliyesema humu kwamba mbunge anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuzuia bajeti yake isipite mpaka apate majibu. Anaweza, ila mara nyingi waziri husimama, husema "tumelipokea, tutalifanyia kazi", na shilingi inarudi. Sijawahi kusikia mkataba wa mfumo uliobadilika kwa njia hiyo.

Kama una la kumwambia mbunge wako kuhusu mfumo wa zahanati yenu unaozima kila mvua ikinyesha, mpe kabla ya Machi, kamati hazijakaa, na umpe na tarehe mfumo ulipozima. Juni usijisumbue, atakuwa anasubiri jina lake lisomwe kwenye kura ya bajeti aseme ndiyo.