Umri wa Miaka 39 na Kumshikia Fundi Ngazi

Juzi ndugu mmoja kaniandikia inboksi. Ana miaka 39, mkataba wa ofisini umeisha, anataka kujifunza umeme wa majumbani ila anaona aibu kuwa chini ya fundi mdogo kwake. Najua mko wengi.

Mimi nilikuwa mhasibu. Kampuni, siitaji, wenyewe wanajijua, ilitupunguza kwa barua ya nusu ukurasa, na mshahara wa mwisho tuliufuatilia kama ombaomba. Nikamwendea kijana aliyetandaza nyaya nyumbani kwangu, nikamwomba anichukue. Alicheka, akidhani natania. Wiki iliyofuata nachimba ukuta kwa tindo ili mabomba ya kupitishia nyaya yapite, naye ananiita: "Mzee, lete plaiz!" Malipo yalikuwa nauli na wali wa mama lishe. Shemeji zangu walinikuta Tabata nimejaa vumbi la saruji, wakapita kama hawanijui. Hilo halijanitoka.

Sasa wananipigia wao. "Shem, hita imeungua." Nakwenda, na bei ni ile ile ya wateja wengine.

Miezi ya tindo naiacha, haina hadithi. Utamu ulianza fundi aliponiachia chumba kizima: waya wa milimita za mraba 1.5 kwenye taa, 2.5 kwenye soketi, hita ya kuogea na breka yake peke yake, ile swichi inayokata umeme ukizidi. Kilichonitofautisha na wenzangu kilikuwa uhasibu wangu. Makadirio naandika mstari kwa mstari, risiti za dukani naambatanisha, chenji narudisha. Wateja wa Dar wameumizwa sana na mafundi. Ukimwonyesha mtu risiti anakuita tena.

Kwa hiyo ndugu yangu, fundi usimchague kwa umri. Tafuta mwenye kazi nyingi na asiyeficha. Kuna wanaokutuma soda kila inapofika zamu ya kufunga boksi la breka. Ukiona soda zimezidi, hama.

Halafu karatasi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa: unapimwa unachojua, ukifaulu unapewa cheti. Baada ya hapo fuatilia leseni ya kufunga umeme ya EWURA, wadhibiti wa huduma za nishati na maji. Bila leseni, mteja anapoomba TANESCO wamvutie umeme, wewe uliyefanya kazi unazunguka kumtafuta mwenye leseni akugongee muhuri, na muhuri haugongwi bure.

Na nyie mnaongoja "kazi ya hadhi yenu" huku kodi ya nyumba inadaiwa, mnamngoja nani? Vueni mashati ya ofisini. Aibu haijawahi kumlipia mtoto ada.

Ila ya nyumbani yapangeni kwanza. Mweleze mkeo mapema kwamba miezi ya mwanzo huleti kitu. Sisi tulikula kwa genge la mboga la mke wangu, na hadi leo pochi ya nyumba anaishika yeye.